Pasi ya Interrail kwa Wanafunzi Wawili: Siku Saba za Treni kutoka Manchester hadi Prague na Kurudi

Likizo yetu ya machipuko iliangukia mwishoni mwa Machi, na mimi na mwenzangu ninayesoma naye chuo kimoja mjini Manchester tuliamua kuitumia kuzunguka Ulaya kwa treni. Ndege za bei ya chini zilikuwapo, lakini nyingi humshusha abiria kwenye viwanja vilivyo mbali na mji, na nauli ya kuingia mjini hula nusu ya kile alichodhani amekiokoa. Tulinunua pasi ya Interrail, yaani tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, inayoruhusu siku saba za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, kwa bei ya vijana. Naiandikia tathmini ndefu kwa sababu wanafunzi wengi huinunua wakitafuta unafuu, nami nimerudi nikiamini kwamba unafuu ndiyo sababu dhaifu kuliko zote za kuinunua.

Pasi hii ilianzishwa mwaka 1972, ikauzwa kwa vijana wasiozidi umri wa miaka 21 na kutumika katika nchi 21. Leo inatumika katika nchi 33, kuanzia Ureno hadi Uturuki, na kila mtu anaweza kuinunua bila kujali umri, ingawa punguzo la vijana hutolewa kwa walio na miaka 12 hadi 27. Jambo ambalo wanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki hulikosea mara nyingi ni kuhusu nani anastahili. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, na ukazi ndio unaotazamwa, si uraia pekee, kwa hiyo mwanafunzi mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeishi kihalali Uingereza, Ujerumani au Poland anaruhusiwa kuinunua kama walivyo wenyeji. Anayeishi nje ya Ulaya hununua pasi pacha iitwayo Eurail, ambayo hufanya kazi kwa namna ile ile kwa sehemu kubwa. Tofauti inayoonekana ni kwamba mwenye Interrail hawezi kuzungukia nchi anamoishi. Humo pasi inamfaa kwa safari ya kutoka na safari ya kurudi tu. Sisi tuliitumia hivyo kutoka Manchester hadi London, tukatembea kwa miguu kutoka stesheni ya Euston hadi St Pancras, na siku hiyo hiyo tukalala Paris. Yote hayo yalihesabiwa kuwa siku moja ya pasi, kwa sababu siku moja ni saa ishirini na nne za kalenda, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane, na ndani yake unaweza kupanda treni nyingi upendavyo.

Bei ya pasi haikufika euro 300 kwa kila mmoja wetu. Ukigawanya kwa siku saba utaona ni kama euro 40 kwa siku, na hapo ndipo wengi husimamisha hesabu yao. Hesabu kamili inaendelea mbele, kwa sababu pasi inalipia nauli lakini hailipii kiti kwenye treni zinazolazimisha abiria kuhifadhi nafasi. Treni ya Eurostar, ipitayo chini ya bahari kutoka London, huongeza takriban euro 30 au zaidi kila upande. Treni za kasi za ndani ya Ufaransa, ziitwazo TGV, huongeza euro 10 hadi 20. Treni za kasi za Italia zina ada yao, na treni za usiku zina yao, ambayo hupanda kadiri unavyotaka kulala vizuri. Tena viti vinavyotengwa kwa wenye pasi kwenye Eurostar na TGV ni vya idadi maalumu, na vikiisha vimeisha, hata kama treni yenyewe ina nafasi tele kwa wanaolipa nauli kamili. Kwa hiyo mtu anayepanga kuzunguka Paris, Lyon, Barcelona na Roma kwa treni za kasi asidanganyike na neno pasi. Atajikuta analipa mara ya pili karibu kila siku, na kujifunga kwa saa maalumu kama mwenye tiketi ya kawaida.

Kuna suala la viza ambalo tathmini nyingi zinazoandikwa na Wazungu haziligusi kabisa, kwa kuwa haliwahusu. Sisi wawili tulihitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, ambayo ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya safari inayofidia angalau euro 30,000, uthibitisho wa malazi na ratiba ya safari. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, nasi tulipanga kulala Prague usiku mara nne, kwa hiyo tuliomba kwa Jamhuri ya Czech ingawa mlango wetu wa kuingilia ulikuwa Paris. Ni vyema kuielewa kanuni hii mapema, kwa sababu pasi inakualika ubadili njia kila asubuhi, ilhali viza inakutaka ujue miezi kabla utalala wapi usiku wa tarehe fulani. Suluhisho letu lilikuwa kuhifadhi malazi yanayoweza kufutwa bila gharama, kushika usiku zile nne za Prague kama nguzo isiyohamishika, na kuuachia uhuru wa pasi sehemu nyingine za safari. Pasi isiyo ya ofa ikirudishwa kabla ya kuanza kutumika hurejeshewa sehemu kubwa ya fedha, na hilo lilitupa moyo wa kuinunua kabla ya jibu la viza. Zile za ofa hazirudishwi, na mtu anayesubiri viza asizikaribie hata ziwe za bei gani.

Kutoka Paris kwenda Zurich hakuna mengi ya kusema. Treni ya kasi huchukua muda wa saa nne hivi, kiti lazima kihifadhiwe, na mashamba ya Burgundy hupita dirishani kwa kasi isiyomruhusu mtu kuona mti mmoja mmoja. Utamu wa pasi ulianza asubuhi iliyofuata, tulipofika stesheni kuu ya Zurich bila kuhifadhi chochote na kuchagua njia tukiwa tumesimama mbele ya ubao wa treni.

Kwenda Milan kuna njia mbili. Ya haraka hupita katika handaki jipya la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 57, lililofunguliwa mwaka 2016, na abiria huingia upande mmoja wa Alps na kutokea upande mwingine bila kuona mlima. Ya zamani ni ile ya mwaka 1882, inayopanda polepole bonde la mto Reuss hadi Göschenen kabla ya kuingia katika handaki la kale la kilomita 15. Mwenye tiketi ya punguzo iliyofungwa kwa treni fulani huenda na treni yake. Sisi tulikuwa na pasi, kwa hiyo tulichagua ile ya polepole, na gharama yetu haikuongezeka hata senti.

Pale kwenye kijiji cha Wassen kuna kanisa dogo jeupe juu ya kilima. Reli haiwezi kupanda mlima moja kwa moja, kwa hiyo wajenzi waliizungusha ndani ya miamba, ikaingia katika mahandaki yaliyopinda na kutokea juu zaidi ya pale ilipoingilia. Mara ya kwanza tuliliona kanisa likiwa juu yetu, mnara wake ukichoma mawingu. Treni ikaingia gizani, ikapinda, na tulipotoka nje kanisa lilikuwa upande wa pili wa behewa na karibu usawa wetu, kiasi kwamba tuliweza kuona ukuta wa makaburi na theluji iliyobaki kwenye kivuli chake. Giza tena, mpindo mwingine, na mara ya tatu tukawa tunalitazama likiwa chini yetu, paa likionekana kama kiberiti. Mwenzangu alishika dirisha kwa mikono miwili akaniambia, "Ndugu yangu, hili kanisa linatufuata." Mzee mmoja wa Kiswisi aliyeketi mbele yetu hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa mshangao wa mwenzangu, akatabasamu na kuinua vidole vitatu. Kwangu mimi nusu saa ile ilitosha kuhalalisha pasi nzima.

Mpakani Chiasso maofisa waliingia behewani na kuomba hati. Eneo la Schengen halina ukaguzi wa kudumu kila mpaka, ila halimwondolei msafiri wajibu wa kubeba pasipoti yake, na jina lililo kwenye pasi lazima lilingane na lililo kwenye pasipoti. Kondakta naye ana haki ya kuitazama pasipoti, na wawili kati ya waliotukagua safari nzima waliiomba. Ibebeni mwilini, si kwenye begi lililo juu ya kichanja.

Safari ya Milan hadi Venice tuliilipia mfukoni, na ninapendekeza kila mwenye pasi ya siku chache afanye hesabu kama hiyo. Treni za kawaida za mikoa, kwa kubadilisha Verona, zilitugharimu chini ya euro 30 kila mmoja, ilhali kuichoma siku moja ya pasi kungetugharimu zaidi. Tahadhari ni moja: tiketi ya karatasi ya treni za mikoa Italia hupigwa muhuri kwenye mashine iliyoko jukwaani kabla ya kupanda, na asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama tiketi ameilipia. Mwisho wa safari treni hukimbia juu ya daraja refu katikati ya maji, kisha stesheni ya Santa Lucia inakutoa nje kwenye ngazi pana, na chini ya ngazi hakuna barabara, kuna mfereji mkuu na mashua. Nilikuwa nimeiona picha hiyo mara nyingi, na bado nilisimama kwenye ngazi ile na begi mgongoni kwa dakika nyingi.

Usiku uliofuata tulipanda treni ya kulala ya Nightjet kwenda Vienna. Hapa pasi ina kanuni nzuri: treni ya usiku hutumia siku moja tu, ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya usiku wa manane. Tulihifadhi vitanda katika chumba cha wanawake peke yao, jambo ambalo nalishauri kwa dhati kwa wasichana wanaosafiri wenyewe, tukapewa shuka, blanketi na mto, na asubuhi kahawa, mikate miwili midogo na jamu. Vitanda ni vyembamba na vimepangwa sita kwa chumba, kwa hiyo asitarajie mtu usingizi wa nyumbani. Hata hivyo usiku huo ulitulipia malazi na nauli kwa pamoja.

Vienna ndiko tulikopata mtihani wetu mkubwa. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, siku ambayo karibu Ulaya yote husogeza saa mbele, na huku Ulaya ya kati saa nane usiku hugeuka ghafla kuwa saa tisa. Hosteli tuliyolala, ambayo sitaitaja, ilikuwa na soketi moja inayofanya kazi katika chumba cha watu wanane, na watu watano walikuwa wameipanga foleni. Kwa kuwa pasi yetu iko ndani ya simu, mwenzangu aliona busara tuzizime simu zote mbili ili kuhifadhi chaji, tukategemea kisaa chake kidogo cha kengele alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kengele ililia saa kumi na mbili. Tuliamka, tukanawa, tukafunga mizigo bila haraka, tukashuka mapokezi tukijiona wasafiri hodari, na saa ya ukutani ikatuambia kwamba ni saa moja na dakika arobaini. Treni yetu ya kwenda Prague ilikuwa inaondoka wakati tukiwa bado tunaitafuta stesheni ya metro.

Mwenzangu alikaa kwenye begi lake akakaribia kulia. Alikuwa amefikiria tiketi, kama ambavyo mtu yeyote aliyezoea kusafiri kwa tiketi ya punguzo angefikiria: treni ikishaondoka, fedha zimekwenda nayo. Mimi nilifungua programu ya pasi, nikaifuta safari ile, nikaandika ya treni iliyofuata, na msimbo mpya ukatokea. Hakuna aliyetutoza, hakuna fomu, hakuna dirisha la malalamiko. Kati ya Vienna na Prague si lazima kuhifadhi kiti, kwa hiyo tulikunywa chai pale stesheni kuu na kupanda inayofuata, tukafika Prague tukiwa tumechelewa kuliko tulivyopanga. Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tumenunua nini. Kwa njia hiyo moja tiketi iliyokatwa mapema ingekuwa rahisi kuliko siku ya pasi, na Jumapili ile isingetufaa kitu.

Programu yenyewe, iitwayo Rail Planner, inastahili sifa na onyo kwa pamoja. Inaonyesha ratiba hata bila intaneti, inaeleza treni ipi inadai nafasi, na inatunza safari zako zote. Lakini kila treni lazima iandikwe kwenye pasi kabla hujaipanda, na kondakta akikukuta hujaiandika anaweza kukuhesabu kama abiria asiye na tiketi. Kila baada ya siku chache simu inahitaji kuunganishwa na intaneti ili pasi iendelee kufanya kazi. Tena ratiba iliyohifadhiwa ndani yake haijui mabadiliko ya siku hiyo, kwa hiyo asubuhi tulilinganisha na ubao wa stesheni au programu ya reli ya nchi husika. Simu ikizimika, pasi imezimika. Tulinunua betri ya akiba kesho yake huko Prague, na ilipaswa kuwa kitu cha kwanza kununuliwa, kabla hata ya soksi za baridi.

Kutoka Prague kwenda Berlin ketini upande wa kulia. Reli hufuata mto Vltava, kisha Elbe, na kwa muda mrefu maji yako karibu sana na dirisha, halafu baada ya mpaka wa Ujerumani miamba ya mchanga husimama ng'ambo kama ngome zilizochongwa na mikono. Tulipanda treni yenye behewa la mgahawa la Kicheki, ambalo chakula chake kinapikwa humo humo, tukaagiza svíčková, nyama laini ya ng'ombe katika mchuzi mzito wa mboga na malai, iliyokuja na vipande vya mkate wa kuchemsha. Sahani zilikuwa za kauri, na kitambaa cha meza kilikuwa cha kitambaa kweli. Kula chakula cha moto huku mto unapita, kwa kiti ambacho hukukilipia ada yoyote ya ziada, ni starehe ambayo mwanafunzi haipati mara nyingi.

Kurudi kulikuwa siku ndefu: Berlin, Cologne, Brussels, London, hatimaye Manchester, zote kwa siku moja ya pasi. Treni za kasi za Ujerumani, ziitwazo ICE, hazilazimishi kuhifadhi kiti kwa safari za ndani, lakini siku za likizo hujaa, na tulisimama karibu saa nzima kabla ya kupata pa kukaa. Ada ndogo ya kiti ingetufaa. Kule Brussels ukaguzi wa pasipoti wa Uingereza hufanyika kabla ya kupanda Eurostar, na treni hiyo haimsubiri mtu wala haikubali kubadilishwa kirahisi kama zile za Vienna. Tulikuwa tumeacha nafasi ya saa tatu kati ya kufika na kuondoka, na saa moja na nusu kati ya hizo ililiwa na ucheleweshaji njiani. Asiyeacha nafasi hiyo anacheza kamari na kiti alicholipia.

Kwa gharama tupu, nilipokusanya pasi, ada za viti, vitanda vya usiku na ile tiketi ya Venice, jumla ilikaribia sana kile ambacho tungelipa kwa kukata tiketi za mapema moja moja, miezi miwili kabla. Mwanafunzi ambaye ratiba yake imekwisha kufungwa na viza, hosteli zisizofutika na tarehe za mitihani, nitamwambia akate tiketi mapema na aachane na pasi. Anayekwenda hasa Ufaransa, Hispania na Italia kwa treni za kasi nitamwambia vivyo hivyo. Lakini kwa njia inayopita Uswisi, Austria, Czech na Ujerumani, ambako unaingia treni uipendayo saa uipendayo, sijui bidhaa nyingine inayompa kijana uhuru wa namna hii kwa fedha hizi.

Machipuko yajayo mimi na mwenzangu tumekubaliana kuchukua pasi ya siku tano, kufika Zurich kwa njia nyingine na kuianzia hapo. Yeye anataka kupita Wassen akitokea kusini, ili safari hii kanisa tulione likipanda.